Mshono wa Moyo na Mwambao wa Ruvuma

Mwaka 1895 Wajerumani walijenga boma lao Mikindani, juu ya mji uliokuwa bandari ya majahazi kwa karne nyingi kabla yao. Mwaka mmoja baadaye, huko kwao Frankfurt, daktari Ludwig Rehn alifungua kifua cha kijana aliyekuwa amechomwa kisu siku mbili nyuma. Ilikuwa tarehe 9 Septemba 1896. Alikuta tundu la sentimita moja na nusu katika chumba cha kulia cha moyo, damu ikiruka kila moyo ulipopiga. Rehn akangoja moyo ulegee, akapitisha sindano. Moyo ukakaza, akatulia. Ukalegea tena, akavuta uzi. Nyuzi tatu za hariri zilitosha: damu ikakata, na kijana akapona.

Hadi siku ile madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba moyo ni kiungo kisichoshonwa. Mtu aliyevimba miguu na kuishiwa pumzi kwa sababu ya moyo, awe Frankfurt au Mikindani, hakuwa na pa kukimbilia. Rehn alithibitisha jambo moja tu: nyama ya moyo inaweza kupokea uzi na kuushika. Mengine yote yaliyofuata katika upasuaji wa moyo yalijengwa juu ya hilo.

Historia ninayoisimulia hapa ni ya mshono huo: namna wapasuaji walivyojifunza kushona mlango bandia ndani ya moyo, walivyobishana kuhusu njia iliyo bora, na jinsi ufundi huo ulivyochukua zaidi ya miaka mia moja kuwafikia watu wa kusini mwa Tanzania, kuanzia Mtwara mjini hadi Msimbati na vijiji vya maingilio ya mto Ruvuma. Hoja yangu ni kwamba hakuna awezaye kusema mshono upi ni bora mpaka ajue mgonjwa ataishi wapi atakapotoka wodini.

Ugonjwa unaoanzia kooni

Moyo una milango minne, ambayo hospitalini huitwa valvu. Kila mlango hufunguka damu ipite, kisha hujifunga isirudi, mara zipatazo 100,000 kwa siku. Miwili ya upande wa kushoto ndiyo yenye kazi nzito. Valvu ya mitrali iko kati ya chumba kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba kinachoisukuma mwilini. Valvu ya aota iko kwenye kinywa cha mshipa mkuu, damu inapotoka kwenda kichwani, kwenye figo na hadi vidoleni.

Katika nchi tajiri, valvu nyingi zinazobadilishwa siku hizi ni za wazee. Zimekakamaa kwa chokaa na umri. Kwetu Afrika Mashariki wanaongoja upasuaji huo ni vijana kwa sehemu kubwa, na ugonjwa wao ulianzia kooni walipokuwa watoto. Mtoto hupata mafindofindo yanayoletwa na bakteria wa jamii ya streptokoka. Asipopata penisilini, kinga ya mwili iliyoamshwa kupambana na bakteria wale huweza kugeukia viungo vyake mwenyewe na moyo wake. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Maumivu ya magoti na viwiko hupita, lakini kovu kwenye valvu hubaki, na kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu. Mwishowe kingo za valvu ya mitrali hugandana na mlango hubaki upenyo mwembamba, au hukunjamana na mlango haufungi tena. Kwa wanawake wengi ugonjwa hujitokeza wakati wa ujauzito, pale moyo unapodaiwa kazi zaidi ya uwezo wake.

Utafiti mkubwa ulioitwa REMEDY ulifuatilia wagonjwa 3,343 wenye valvu zilizoharibiwa na rumatiki katika nchi 12 za Afrika, zikiwemo jirani zetu Kenya, Uganda na Msumbiji, pamoja na India na Yemen. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28, na takriban theluthi mbili walikuwa wanawake. Mpasuaji anayesoma takwimu hizo anajua maana yake: anamshonea mtu ambaye bado ana miaka 30 au 40 ya kulima, kuvua, kuzaa na kulea. Mshono wake lazima udumu muda wote huo.

Uzi kabla ya mlango

Ufundi wa kushona mishipa ulianzia Lyon, Ufaransa. Mwaka 1894 Rais wa nchi hiyo, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini humo. Alikufa kwa mshipa mkubwa uliokatika tumboni, maana hakuna daktari aliyejua kuushona. Kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari Lyon, Alexis Carrel, hakukubali kwamba mambo yaishie hapo. Alikwenda kujifunza kwa mwanamke fundi wa kutarizi, akazoeza vidole vyake sindano nyembamba kuliko zote zilizopatikana. Mwaka 1902 alichapisha njia yake: uzi wa hariri uliopakwa vaselini, na nyuzi tatu za kushikilia ambazo zikivutwa huufanya mdomo wa mshipa wa duara uwe pembetatu, ili kila upande ushonwe kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini mshipa unaweza kubanwa ukashonwa kwa utulivu. Moyo haubaniki. Mwaka 1925, jijini London, Henry Souttar aliingiza kidole chake ndani ya moyo unaopiga wa msichana mwenye rumatiki na kuupanua mlango wa mitrali uliogandana. Msichana alipona, lakini madaktari wa London hawakumletea Souttar mgonjwa mwingine wa aina hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kwa njia yake kurudiwa na kukubalika.

Valvu bandia ya kwanza kuwekwa ndani ya mwanadamu haikushonwa hata kidogo. Mwaka 1952 Charles Hufnagel wa Washington aliweka bomba dogo la plastiki lenye mpira ndani yake kwenye mshipa mkuu unaoteremka kutoka moyoni, akalishikiza kwa pete zilizobana ukuta wa mshipa kwa nje. Hakuwa na muda wa kushona, kwa sababu damu ya nusu ya mwili ilikuwa imesimama. Isitoshe, valvu ile ilikaa nje ya moyo, mbali na mlango uliokuwa mgonjwa, kwa hiyo msaada wake ulikuwa nusu.

Miaka hiyohiyo Mtwara gati la kina kirefu lilikuwa likijengwa kwa ajili ya kusafirisha karanga za mradi mkubwa wa kilimo, ingawa mradi wenyewe uliachwa mwaka 1951. Gati lilikamilika mwaka 1954, na mji mpya ukakua kandokando yake, ukaipita Mikindani.

Kilichowapa wapasuaji muda wa kushona ni mashine. Tarehe 6 Mei 1953, huko Philadelphia, John Gibbon aliiacha mashine aliyoifanyia kazi tangu miaka ya 1930 ifanye kazi ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18, naye akaziba tundu lililokuwa ndani ya moyo wake. Kwa mara ya kwanza mpasuaji aliweza kuufungua moyo, kuona ndani na kushona bila kukimbizwa na kifo cha dakika tatu au nne.

Kisha ukaja mwaka 1960. Mwezi Machi, katika siku zinazofuatana, Dwight Harken wa Boston aliweka valvu bandia mahali pa aota, na Nina Braunwald, katika hospitali ya taasisi ya taifa ya afya huko Bethesda, akaweka mahali pa mitrali valvu aliyoibuni mwenyewe, ya plastiki inayopindika, yenye kamba za Teflon. Mgonjwa wa Braunwald aliishi miezi michache tu, lakini mlango ulifanya kazi mahali pake pa asili. Mwezi Septemba, huko Portland katika jimbo la Oregon, Albert Starr alimwekea mtu wa makamo valvu aliyoitengeneza pamoja na mhandisi mstaafu Lowell Edwards: mpira ndani ya kizimba cha chuma. Mtu yule aliishi zaidi ya miaka kumi.

Edwards alikuwa amemwendea Starr mwaka 1958 na wazo la kutengeneza moyo mzima. Starr akamwambia waanze na mlango mmoja. Katika mlango ule, sehemu iliyoamua hatima ya mgonjwa haikuwa mpira wala kizimba peke yake, bali pia kola ya kitambaa iliyozungushwa chini. Sindano ilipita kwenye kola hiyo, na ndani ya wiki chache nyama ya moyo ilijipenyeza kwenye kitambaa na kukishika. Nyuzi zilikuwa za kushikilia mpaka mwili ukamilishe kazi. Kila mabishano kuhusu mshono yaliyokuja baadaye yanahusu kola hiyo na ukingo wa moyo inaposhonewa.

Nyuzi mojamoja, viraka na bandi

Mpasuaji akishauondoa mlango mgonjwa, hubakiwa na ukingo wa duara, mgumu kiasi mahali pengine, laini kama nyama mbichi mahali pengine. Huchukua nyuzi za poliesta iliyosukwa, kila uzi ukiwa na sindano pande zote mbili. Mara nyingi hupokezanisha rangi, mmoja wa kijani na mmoja mweupe, ili jozi zisichanganyike. Valvu mpya hushikwa juu, nje ya kifua, nyuzi zote zikitoka ukingoni na kupita kwenye kola. Zikishapangika, valvu hutelezeshwa chini hadi ikae, kisha fundo baada ya fundo hukazwa. Kwenye mlango wa aota mara nyingi huwa nyuzi 12 hadi 15 au zaidi.

Njia nyepesi kueleza ni ya nyuzi mojamoja: kila uzi huingia ukingoni mara moja, hutoka, hufungwa peke yake. Haijazi kitu njiani, kwa hiyo kwenye moyo wenye mlango mdogo huacha nafasi kubwa ya damu kupita. Udhaifu wake huonekana ukingo ukiwa laini. Uzi uliokazwa kwenye nyama dhaifu huikata kidogokidogo kila moyo unapopiga.

Njia ya pili ndiyo inayofundishwa zaidi. Uzi huingia, huenda hatua moja pembeni na kurudi, ukafanya umbo la U, na chini ya mgongo wa U huwekwa kiraka kidogo cha Teflon. Nguvu ya uzi haibebwi tena na kitobo kimoja. Kiraka huisambaza kwenye eneo pana, na nyama haikatiki kirahisi. Kiraka kikiwa upande wa chini, ndani ya chumba kinachosukuma damu, valvu hukaa juu ya ukingo, na mara nyingi valvu kubwa zaidi hupata nafasi. Kikiwa upande wa juu, valvu huingia ndani ya ukingo wenyewe. Gharama yake ni muda, maana moyo umesimamishwa kwa maji baridi yenye potasiamu na kila dakika inahesabika. Viraka vingi pia hula nafasi kwenye mlango mdogo, na kila kitu kigeni ni mahali ambapo vijidudu vinaweza kujificha.

Njia ya tatu hufanana na herufi 8: uzi mmoja huuma mara mbili na kuvuka juu yake wenyewe. Hupunguza idadi ya mafundo, na baadhi ya wapasuaji huitumia kwa aota pekee.

Ya nne ni bandi, mshono mfululizo. Uzi wa polipropilini ulipopatikana, mwishoni mwa miaka ya 1960, mpasuaji alipata uzi mmoja laini usiosukwa, unaoteleza ndani ya nyama bila kuikwaruza. Kwa nyuzi mbili au tatu anaweza kuzunguka ukingo wote. Mafundo ni machache, kazi ni ya haraka, na mkazo hujigawa wenyewe kwenye duara zima. Lakini uzi huo ukishikwa vibaya kwa koleo la chuma hupata jeraha lisiloonekana, na ukikatika au kulegea mahali pamoja, sehemu ndefu ya duara hulegea nao.

Watu wa mwambao huu waliwahi kukabiliana na swali la namna hiyo kwenye maji. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika kisiwa cha Msumbiji, kusini mwa Ruvuma, msafara wake uliandika kuhusu vyombo visivyo na msumari hata mmoja, mbao zake zimefungwa kwa kamba. Mtepe wa pwani yetu ulishonwa hivyohivyo kwa kamba za makumbi, na chini ya kamba, kwenye maungio, mafundi waliweka tandiko la nyuzinyuzi ili kamba isile ubao na maji yasipenye. Mbao zilizoshonwa huachiana kidogo wimbi linapopiga, kisha hurudi. Moyo nao unadai mshono unaobana bila kuzuia mwendo, na pale unapogusana na nyama laini, unadai tandiko.

Mshono ukishindwa, damu hupita pembeni ya valvu, kati ya kola na ukingo. Valvu yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, lakini damu inayorudi kwa kasi kwenye upenyo ule hupasua chembe nyekundu, mgonjwa akaishiwa damu, na moyo ukachoka upya. Mara nyingi tiba yake ni kufungua kifua kwa mara ya pili, na hatari ya mara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Mshono unaweza kudhuru hata ukishika vizuri. Nyuma ya ukingo wa mitrali unapita mshipa unaolisha moyo wenyewe. Sindano ikizama sana huweza kuubana. Karibu na ukingo wa aota ipo njia ya umeme wa moyo. Kituo chake kikuu kilielezwa mwaka 1906 na Mjapani Sunao Tawara alipokuwa Marburg, Ujerumani. Uzi ukiikata njia hiyo, mgonjwa ataishi kwa kutegemea kifaa cha kuuamsha moyo, na kifaa hicho kinataka kukaguliwa maisha yote.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulimwengu wa upasuaji ulipata somo kali kuhusu kola. Kampuni ya St. Jude, ambayo valvu yake ya mabawa mawili ilianza kutumika mwaka 1977, ilitoa valvu ambayo kola yake ilipakwa fedha ili kuua vijidudu. Utafiti ulioitwa AVERT uliwagawa wagonjwa 807 kwa kura kati ya kola ya fedha na kola ya kawaida. Januari 2000 uandikishaji ulisimamishwa na valvu ikaondolewa sokoni, kwa sababu wenye kola ya fedha walivuja pembeni zaidi. Kitambaa kile kilichokusudiwa kuvizuia vijidudu kilionekana kuizuia pia nyama isijipenyeze. Wachambuzi waliporudi kwenye data hizo mwaka 2005, waligundua pia kwamba wagonjwa walioshonwa kwa viraka walivuja kwa kiasi kidogo kuliko wasiokuwa na viraka.

Hata hivyo tafiti nyingine hazikuona tofauti kubwa, na wapasuaji wenye uzoefu bado hawakubaliani. Ninavyouelewa ubishi huo, jibu linategemea ukingo. Ukingo wa mitrali ulioliwa na rumatiki au maambukizi unastahili viraka. Mlango wa aota wa mwanamke mwenye umbo dogo, ukiwa mgumu na mzima, hufaidika na nyuzi mojamoja. Bandi inamfaa mpasuaji aliyeizoea, kwenye nyama njema, pale muda unapobana. Tangu mwaka 1964, Walton Lillehei alipoonyesha faida ya kuziacha kamba zinazoshikilia valvu ya mitrali badala ya kuzikata zote, wapasuaji wamejifunza pia kwamba kilichoachwa ndani kina uzito sawa na kilichoshonwa.

Wapo waliotaka kuuondoa mshono kabisa. Mwaka 1962 George Magovern, pamoja na mhandisi Harry Cromie, alileta valvu iliyojishika kwa vijimeno vya chuma, na mwaka 2002 Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, alipitisha valvu ndani ya mshipa bila kufungua kifua. Valvu za aina ya Cribier hushikwa na chokaa ya valvu ya mzee. Kijana wa rumatiki mara nyingi hana chokaa hiyo, kwa hiyo kwake sindano na uzi bado ndiyo tegemeo. Mwenye mlango uliogandana lakini bado laini ana njia nyingine: puto la Kanji Inoue wa Japani, lililoelezwa mwaka 1984, hupitishwa kwenye mshipa wa paja na kuuachanisha mlango bila mshono wowote.

Kusini kabla ya daraja

Mkoa wa Mtwara haukukosa wapasuaji hodari. Mwaka 1935 alifika Mwingereza Leader Stirling, daktari wa misheni ya Kianglikana, akafanya kazi Lulindi, karibu na Masasi. Alipasua ngiri, matumbo na uzazi ulioshindikana katika hospitali za kijijini, akafundisha wauguzi, na akabaki nchini hadi uhuru na baadaye. Kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Ndanda nako hospitali ya Wabenediktini ilikuwa kimbilio la watu wa kusini kote. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964, wapiganaji wa FRELIMO waliendesha Mtwara hospitali iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari Mwangola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Majeruhi waliovushwa Ruvuma walishonwa pale.

Lakini moyo ulibaki nje ya uwezo wa wote hao. Cape Town ilikuwa na upasuaji wa kufungua moyo tangu mwaka 1958, chini ya Christiaan Barnard, na ilitengeneza valvu zake yenyewe, lakini hiyo ilikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi, na Tanzania ilikuwa imeipa kisogo. Kwa miongo mingi Mtanzania aliyehitaji valvu alisubiri kibali cha kupelekwa nje, mara nyingi India, kwa gharama ya serikali. Wengi hawakufika kwenye foleni hiyo kamwe. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560, na kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, msafiri alitegemea kivuko cha Ndundu na huruma ya mvua. Mtu asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi hasafiri hivyo.

Karne mpya ilileta mabadiliko. Mwaka 2007 shirika la Kiitalia la Emergency lilifungua kituo cha Salam karibu na Khartoum, kikabadilisha valvu bila malipo kwa wagonjwa wa rumatiki kutoka nchi nyingi za Afrika, hadi vita vya Sudan vya mwaka 2023 vilipokivuruga. Uganda ilianza upasuaji wa kufungua moyo kwenye taasisi yake ya Mulago. Mwaka 2008 hospitali ya Muhimbili ilianza kufanya upasuaji huo Dar es Salaam, na mwaka 2015 kitengo kile kikawa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Wataalamu wa kigeni walikuja kufundisha bega kwa bega, na polepole Watanzania wakashika sindano wenyewe. Huduma ambayo baba zetu waliifuata ng'ambo ya bahari sasa iko mwisho wa barabara ya lami. Mwaka 2021 Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ikaanza kutoa huduma Mtwara.

Mshono ukishafika kijijini

Mgonjwa akiamka na valvu mpya, anaanza hesabu nyingine. Valvu ya chuma na kaboni huweza kudumu maisha yote, lakini damu hutaka kuganda juu yake. Hivyo lazima ameze wafarini kila siku bila kukosa, na damu ipimwe mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR. Dawa ikipungua, valvu huziba au bonge la damu huenda kwenye ubongo. Ikizidi, mtu huvuja damu. Mboga za majani zina vitamini K inayopingana na dawa hiyo. Kwa watu wanaokula kisamvu na matembele karibu kila siku, ushauri unaofaa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, maana kuacha ghafla kunavuruga dawa sawasawa na kuzidisha ghafla. Wafarini pia huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Valvu iliyotengenezwa kwa nyama ya ng'ombe au nguruwe, ambayo Alain Carpentier wa Paris aliifanya idumu zaidi kwa dawa ya glutaraldehaidi mwishoni mwa miaka ya 1960, haihitaji wafarini maisha yote. Lakini kwa kijana huchakaa haraka, na kifua hufunguliwa tena baada ya miaka kumi au kumi na mitano, pengine mapema zaidi. Binti wa miaka 22 anayetaka kuzaa, akiwa anaishi mbali na maabara, huchagua kati ya mitihani miwili. Daktari hawezi kumchagulia kwa haki bila kujua njia ya kwenda kwao, kipato cha nyumba yao kabla ya msimu wa korosho, na kituo cha afya kilicho karibu nao.

Hapo ndipo ulinganisho wa mishono unapopata maana yake kamili. Kwa mgonjwa anayeishi dakika kumi kutoka kwenye mashine ya ultrasaundi, uvujaji mdogo pembeni ya valvu hugunduliwa mapema na kufuatiliwa. Kwa mgonjwa wa kijiji cha mbali kama Kilambo au Mahurunga, uvujaji uleule unaweza kugunduliwa akiwa tayari amevimba tumbo. Kwa sababu hiyo naamini mpasuaji anayemshonea mtu wa mbali ana haki ya kutumia dakika zaidi kwa viraka kwenye ukingo wenye shaka, na wajibu wa kuuliza, kabla ya kukaza fundo la kwanza, ni nani atakayempima mgonjwa huyu baada ya miezi mitatu.

Nyuzi hufanya kazi yao kwa wiki chache mpaka nyama ishike kola. Baada ya hapo kinacholinda moyo ni vitu vidogo vya kila siku: kidonge kile kile saa ile ile, kipimo cha INR kinachopatikana hospitali ya wilaya, na sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne ili rumatiki isirudi kuzila valvu zilizobaki. Mwezi Mei 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana na homa ya rumatiki na ugonjwa wa moyo unaotokana nayo. Azimio hilo litakuwa na faida Msimbati siku ambapo mtoto mwenye koo linalouma atapimwa na kupewa penisilini katika zahanati ya kijiji, na ambapo mwenye valvu bandia atapimwa damu Mtwara bila kusafiri kilomita 560. Dar es Salaam imeshajifunza kushona moyo. Kazi iliyobaki ni kuwatunza walioshonwa, na kuwalinda watoto wao wasihitaji kushonwa.